Amepasuliwa Lakini Bado Anasema Puani: Tumsaidie Namna Gani?



Tuliwatembelea akina mama wa kikundi kimoja nje kidogo ya mji wa Garissa, wakatuuliza swali ambalo tulilijibu vibaya. Kulikuwa na msichana mdogo, mjukuu wa mmoja wao, aliyezaliwa na mdomo na kaakaa lililopasuka. Kikundi kilifanya harambee, kikauza mbuzi, na mtoto akapelekwa kupasuliwa. Mdomo ulishonwa, baadaye kaakaa likafungwa. Watu walifurahi, wakapika, wakashukuru Mungu. Lakini mtoto alipofika darasa la kwanza, mwalimu hakuelewa anasema nini. Akitaka kusema "baba" ilisikika kama "mama". "Dada" ilikuwa "nana". Wenzake walicheka, naye akaamua kunyamaza kabisa.

Bibi yake akatuuliza, "Mwalimu, sisi tumeuza mbuzi, daktari amefunga. Sasa mbona mtoto bado anasema puani?"

Sisi tukamjibu, "Subira, mama. Akikua atasema."

Jibu hilo halikuwa sawa. Mtoto alikaa mwaka mzima bila msaada kwa sababu ya neno letu. Ndiyo maana tumeamua kuandika habari hii, ili mtu mwingine akiulizwa swali kama lile, ajue la kujibu.

KAAKAA NI NINI, NA LINAFANYA KAZI GANI?

Hebu weka ulimi wako nyuma ya meno ya mbele ya juu, halafu uurudishe nyuma polepole. Kwanza utagusa sehemu ngumu yenye mfupa. Hilo ni kaakaa gumu. Ukiendelea nyuma utagusa sehemu laini isiyo na mfupa. Hilo ni kaakaa laini, na mwisho wake kunaning'inia kile kinyama kidogo tunachokiita kimio, au kilimi.

Kaakaa ni dari ya mdomo na pia ni sakafu ya pua. Sehemu ile laini ya nyuma ni kama mlango. Tunapomeza na tunaposema, mlango huo huinuka na kugusa ukuta wa nyuma wa koo, njia ya puani ikafungwa. Hapo chakula hakipandi puani, na pumzi yote hutokea mdomoni.

Katika Kiswahili, sauti tatu zinahitaji mlango huo uwe wazi: m, n na ng'. Sauti ny nayo iko katika ukoo huo. Lakini p, b, t, d, k, g, s, sh, ch, f na nyingine nyingi zinataka mlango ufungwe vizuri, kwa sababu zinatengenezwa kwa nguvu ya pumzi iliyobanwa mdomoni. Pumzi ikivuja, b inageuka m, na d inageuka n. Hivyo yule mtoto hakuwa amechanganya baba yake na mama yake. Alijua vizuri anachotaka kusema, ila pumzi ilimponyoka njiani. Kusema huko kwa puani ndiko tunakoita king'ong'o.

Ninyi mnaolima kando ya Mto Tana mnalijua jambo hili kwa njia nyingine. Paipu ikitoboka katikati, injini inaweza kunguruma na petroli ikaisha, lakini maji hayafiki kwenye vitunguu. Kumwambia mkulima aongeze moto wa injini hakusaidii. Lazima tundu lizibwe kwanza. Na kumwambia mtoto huyu "sema kwa nguvu!" ni hivyo hivyo.

MPASUKO UNATOKEA LINI?

Mtoto akiwa tumboni, mdomo na kaakaa hutengenezwa kwa pande mbili zinazokuja kukutana katikati. Mdomo huungana karibu na wiki ya 6 au ya 7 ya mimba, na kaakaa humaliza kuungana karibu na wiki ya 12. Wakati mwingine pande hizo hazikutani. Duniani kote, karibu mtoto mmoja kati ya 700 huzaliwa na mpasuko wa mdomo, wa kaakaa, au vyote viwili.

Sababu zake huwa ni mchanganyiko: mambo ya ukoo, upungufu wa vyakula fulani hasa foliki asidi, uvutaji sigara, na baadhi ya dawa kama vile dawa fulani za kifafa. Mara nyingi hakuna anayeweza kusema ni sababu ipi hasa. Mama hakutazama sungura, hakulaaniwa, wala hakukosa. Wiki ya 6 mama wengi hata hawajajua kama wana mimba. Wasomali humwita mwenye mpasuko wa mdomo faruur, na jina hilo linaweza kumfuata mtu hadi uzee. Tuwaite watoto hawa kwa majina waliyopewa na wazazi wao.

KWA NINI UPASUAJI PEKE YAKE WAKATI MWINGINE HAUTOSHI?

Kwanza tuseme wazi: upasuaji ndio msingi. Mtoto mwenye afya nzuri hufungwa mdomo akiwa na miezi 3 hadi 6 hivi, na kaakaa kati ya miezi 9 na 18. Kikundi kisisikie habari za kifaa kikaacha kumpeleka mtoto kwa daktari mpasuaji.

Kenya ina historia ndefu katika kazi hii. AMREF ilipoanzishwa mwaka 1957 kama huduma ya madaktari warukao kwa ndege, waanzilishi wake watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile. Operation Smile walifika Kenya mwaka 1987. Hospitali ya watoto ya CURE kule Kijabe ilifunguliwa mwaka 1998, na shirika la Smile Train, lililoanzishwa mwaka 1999, husaidia hospitali washirika ili mzazi asilipie upasuaji huu.

Lakini kati ya watoto 10 waliofungwa kaakaa, wawili au watatu hivi hubaki na king'ong'o. Sababu ni hizi:

1. Kumebaki tundu. Mshono unaweza kuachia mahali padogo, pumzi na maziwa vikapita hapo.

2. Kaakaa laini ni fupi. Limefungwa vizuri, lakini likiinuka halifiki kwenye ukuta wa koo. Mlango upo, ila haufiki kwenye fremu.

3. Kaakaa ni refu vya kutosha lakini halisogei. Hili huonekana pia kwa watu wasiokuwa na mpasuko, mfano baada ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu au ajali ya kichwa.

4. Mtoto amezoea. Alijifunza kusema kabla ya kufungwa, kwa hiyo alitafuta njia zake. Badala ya kutamka k au t kwa ulimi, anakata sauti chini kooni. Hata mlango ukifungwa, tabia hiyo inabaki.

5. Masikio. Watoto wenye kaakaa lililopasuka hupata sana maji nyuma ya ngoma ya sikio. Anayesikia nusu atasema nusu. Masikio yapimwe kila mara.

Huku kwetu sababu ya nne ni kubwa, kwa kuwa watoto wengi wanapasuliwa wakiwa wamechelewa. Mtoto wa mfugaji anayehama na mifugo kati ya Wajir na Tana hapati hospitali karibu kila mara.

KIFAA CHA MDOMONI NI NINI?

Ni bamba dogo la plastiki ngumu, sawa na ile ya meno ya bandia, linalokaa juu kwenye kaakaa na kushikwa kwenye meno kwa nyaya ndogo. Mtoto analivaa na kulivua. Si jambo geni. Katika karne ya 16, daktari Mfaransa Ambroise Paré alieleza mabamba ya dhahabu au fedha yaliyoshikiliwa juu ya tundu kwa kipande cha sponji. Siku hizi tuna plastiki nyepesi, lakini wazo ni lile lile: pale palipo wazi, paziwe.

Kuna aina nne ambazo ni vizuri kuzijua.

Bamba la kunyonyeshea. Hili ni la mtoto mchanga ambaye bado hajapasuliwa. Hufunika mpasuko ili maziwa yasipande puani. Si kila daktari analitumia, na mtoto anakua haraka hivyo hubadilishwa mara kwa mara. Mahali pengi, kikombe kidogo na kijiko vinatosha: mama akamue maziwa yake, mtoto akae wima kidogo mapajani, anyweshwe polepole na kucheuliwa. Chupa ni ya kuogopwa pale ambapo maji safi ni shida. Na maziwa ya ngamia au ya mbuzi si ya mtoto aliye chini ya miezi 6.

Kiziba cha kawaida. Hiki hufunika tundu lililobaki kwenye kaakaa gumu.

Kiziba chenye mkia. Hiki ni bamba lenye mkia unaokwenda nyuma, na mwisho wa mkia kuna kitufe cha mviringo. Ni cha mtoto mwenye kaakaa laini fupi. Kitufe kinakaa katika lile pengo la nyuma ya kaakaa. Anaposema, misuli ya koo inakuja kukibana kitufe, na njia ya puani inafungwa. Asiposema, pembeni panabaki wazi na anapumua kwa pua.

Kinyanyua kaakaa. Hiki kina ulimi mpana wa plastiki unaoliinua kaakaa laini ambalo ni refu lakini limelala.

Mtoto mmoja anaweza kuhitaji kiziba kwa muda tu, akingojea upasuaji wa pili. Mwingine anaweza kukivaa miaka mingi kwa sababu upasuaji hauwezekani. Kuna na wale ambao kitufe chao hupunguzwa kidogo kidogo kadiri misuli ya koo inavyopata nguvu. Anayeamua ni madaktari wakikaa pamoja: mpasuaji, daktari wa meno, mtaalamu wa matamshi na daktari wa masikio. Si duka la meno la barabarani.

KINATENGENEZWAJE?

Tunaeleza hatua hizi ili mzazi asishtuke, na ili kikundi kijue kwamba kazi hii si ya siku moja.

Kwanza daktari huangalia mdomo na kutibu meno mabovu. Kifaa hushikwa na meno, kwa hiyo meno yaliyooza hayawezi kukibeba. Pili, huchukua chapa ya kaakaa kwa ugali fulani laini unaowekwa kwenye kijiko kipana na kuganda mdomoni kwa dakika chache. Tatu, fundi wa meno anatengeneza mfano wa jasi na juu yake anatengeneza bamba lenye nyaya.

Mtoto hupewa bamba tupu kwanza, bila mkia, alizoee kwa wiki kadhaa. Akishazoea, mkia huongezwa. Halafu kitufe hujengwa kidogo kidogo kwa kitu laini, huku mtoto akiambiwa ameze, ageuze kichwa, aseme maneno. Hospitali nyingine hupitisha mrija mwembamba wenye kamera puani ili kuona kama kitufe kimefika mahali pake. Kikiwa kikubwa mno, mtoto atakoroma na kushindwa kupumua kwa pua. Kikiwa kidogo, pumzi itaendelea kuvuja. Kwa hiyo marekebisho ni mengi, na mtoto lazima awepo.

Kwa kawaida kazi hii inawezekana mtoto akiwa na umri wa miaka 4 au 5 kwenda juu, akiweza kukaa kitini na kufuata maneno. Meno ya utoto yakidondoka na taya likikua, kifaa hubadilishwa. Kikundi kikisikia "kimebadilishwa" kisidhani fundi wa kwanza alikosea. Ni kama viatu vya shule.

KIFAA HAKIFUNDISHI KUSEMA

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Kifaa kinaziba pengo, basi. Hakimwambii ulimi uende wapi. Mtoto aliyezoea kukata sauti kooni ataendelea hivyo hata akiwa na kifaa kizuri sana, mpaka afundishwe upya, sauti moja baada ya nyingine. Anayefundisha ni mtaalamu wa matamshi. Wataalamu hawa ni wachache Kenya, na wengi wako Nairobi, kwa hiyo mzazi aombe afundishwe mazoezi ya kurudi nayo nyumbani. Dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni kila siku zinashinda saa moja kwa mwezi. Na mazoezi yawe mchezo, yasiwe kesi.

Kuna jambo moja la watu wa Kaskazini Mashariki. Kisomali kina sauti za kooni ambazo ni halali kabisa, zile zinazoandikwa kwa herufi c, x na q tangu lugha hiyo ilipopata maandishi rasmi mwaka 1972. Mtaalamu asiyejua Kisomali anaweza kuzisikia akafikiri ni tabia mbaya ya mpasuko, kumbe mtoto anasema sawasawa. Au kinyume chake: mtoto anakata sauti kooni mahali pa d au b, na mtaalamu anadhani ndiyo lugha yao. Kwa hiyo mama au bibi anayejua lugha ya nyumbani akae ndani ya chumba, aseme, "Hii ni sahihi kwetu, hii siyo." Vilevile Kisomali hakina p. Mtoto asianzishwe kwa "pilipili" na "papai". Aanze na maneno ya kwao yasiyo na m wala n: dab (moto), dibi (fahali), buug (kitabu), bisad (paka). Wale wa Kiswahili waanze na baba, dada, kaka, kuku, papai.

JARIBIO LA KIOO

Hili linaweza kufanywa na mwalimu wa nasari, mhudumu wa afya wa kijiji, au mama yeyote. Linahitaji kioo kidogo tu.

- Hakikisha mtoto hana mafua. Akiwa na mafua, ngoja yaishe.
- Pasha kioo baridi kwa kukiweka kwenye kivuli au karibu na mtungi wa maji, halafu kipanguse.
- Kiweke chini ya matundu ya pua. Mwambie aseme "mama, mama". Kioo kitapata ukungu. Hiyo ni kawaida.
- Panguza. Mwambie aseme "baba, baba", kisha "kaka, kaka", kisha avute "sss". Kioo kinatakiwa kibaki kikavu. Kikipata ukungu kila mara, pumzi inavuja.
- Sasa mbane pua taratibu, aseme "baba" tena. Kama "baba" imesikika vizuri zaidi pua ikiwa imebanwa, hiyo ni dalili nyingine.

Jaribio hili halimpi mtoto jina la ugonjwa. Linakwambia tu kwamba apelekwe kuonwa. Angalia pia kimio chake kwa tochi. Kimio kilichogawanyika sehemu mbili kama ulimi wa nyoka kinaweza kuwa dalili ya mpasuko uliofichika chini ya ngozi ya kaakaa, ambao hakuna aliyeuona alipozaliwa. Watoto wa namna hii mara nyingi huambiwa ni wavivu au ni wajinga.

MAMBO YA KUACHA

Usikubali mtoto akatwe kimio. Tunajua ni desturi ya sehemu nyingi kumkata mtoto anayekohoa au asiyenyonya vizuri. Kwa mtoto mwenye kaakaa fupi ni hatari zaidi, maana unapunguza kile kidogo alicho nacho, mbali na kutoka damu na kuambukizwa. Kumchoma moto kichwani au shingoni nako hakutafunga pengo la ndani.

Hata hospitalini, daktari akitaka kuondoa nyama za nyuma ya pua, mwambie kwanza kwamba mtoto huyu alizaliwa na mpasuko. Wakati mwingine nyama hizo ndizo zinazosaidia kuziba, na zikiondolewa king'ong'o huzidi.

Na usimpeleke moja kwa moja shule ya viziwi kwa sababu tu hasemi vizuri. Apimwe kwanza masikio. Vituo vya EARC, vilivyoanzishwa Kenya mwaka 1984, kazi yake ni kupima watoto na kuwaelekeza shule inayowafaa.

KUTUNZA KIFAA KATIKA NCHI KAVU

- Kivuliwe usiku ili kaakaa lipumzike, isipokuwa daktari amesema vingine.
- Kioshwe kila baada ya chakula. Kikombe kimoja cha maji safi kinatosha. Kisuguliwe kwa mswaki laini na sabuni kidogo.
- Kisichemshwe kamwe. Maji ya moto hupinda plastiki, na kikishapinda hakirudi.
- Kisiachwe juani, juu ya bati, wala karibu na jiko. Jua la Garissa si la mchezo.
- Usiku kikae ndani ya kikombe chenye maji na kifuniko. Kikifungwa kwenye kitambaa kitatupwa au kuchukuliwa na mbuzi.
- Meno yapigwe mswaki kila siku. Mswaki wa mti, ule ambao Wasomali huuita caday, unafaa ukitumika kwa uangalifu kwenye meno yanayoshika nyaya.
- Kikiuma, kikileta kidonda, au kikilegea, kivuliwe na mtoto arudishwe. Usijaribu kukunja nyaya nyumbani kwa koleo.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kutoka Garissa hadi Nairobi ni karibu kilomita 370. Kutoka Mandera ni zaidi ya kilomita 1,000. Anza na hospitali ya rufaa ya kaunti pale Garissa, upate barua. Nairobi kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974. Kabla ya kusafiri, piga simu uulize siku ya kliniki.

Beba barua ya rufaa, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na kitambulisho cha mzazi, kwa maana barabara hii ina vizuizi vingi. Familia iliyoko kambi za Dadaab iulize kwanza habari ya kibali cha kusafiri. Uliza pia SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipa nini. Na mwandikishe mtoto katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha uulize kama anaweza kusaidiwa kupata kifaa.

Sasa tuzungumze juu ya pesa. Vikundi vingi hufanya harambee ya safari moja. Hapo ndipo tuliposhindwa na mtoto wa pili tuliyemfuatilia. Alipata kiziba kizuri, akaanza kueleweka. Meno ya mbele yakadondoka, kifaa kikalegea, nauli ya kurudi haikuwepo. Kikawekwa kwenye kopo la Kimbo juu ya kabati. Tulipomtembelea tulikuta kopo liko, mtoto amerudi kunyamaza. Kosa halikuwa la mama yake. Sisi na kikundi tulihesabu ng'ombe wa kwenda, hatukuhesabu wa kurudi.

Kwa hiyo bajeti iandikwe hivi: nauli ya mtu mzima na mtoto mara nne au tano kwa mwaka wa kwanza, mahali pa kulala, chakula, matibabu ya meno, kifaa, na akiba ya kifaa cha pili. Haba na haba hujaza kibaba. Shilingi chache za kila mkutano ni bora kuliko harambee moja kubwa yenye picha.

Na malazi yatafutwe mapema. Tujifunze kwa Annalena Tonelli, mama Mwitaliano aliyefanya kazi Wajir. Mwaka 1976 ilianza pale ile TB Manyatta, ambapo wafugaji wenye kifua kikuu walikaa katika vibanda vyao karibu na tiba na kumeza dawa kila siku kwa miezi sita mbele ya mhudumu. Watu walikuwa wakisema mfugaji hawezi kumaliza tiba ndefu. Ilionekana kwamba akipewa mahali pa kukaa, anamaliza. Mtoto wa kiziba naye anataka mahali pa kukaa. Tafuteni jamaa Eastleigh, au ulizeni msikitini au parokiani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuna mtoto kijijini kwetu anayesema puani? Nani atamtembelea, na lini?
2. Anaitwa jina gani na wenzake? Tutafanya nini juu ya hilo?
3. Mwalimu wake anajua kwamba aketi mbele na apewe muda wa kujibu?
4. Tukianza leo, akiba ya safari ya pili itatoka wapi?

Mwisho, mtasema, na yule msichana wa kwanza? Alionwa, akakutwa na tundu dogo na kaakaa fupi. Sasa ana kiziba chenye mkia, naye hufanya mazoezi na bibi yake kila jioni baada ya mbuzi kufungiwa. King'ong'o hakijaisha, na s bado inamsumbua. Lakini mwalimu alipomwita asome, alisimama na kusoma mstari mzima, darasa likasikia. Bibi yake alipotuona tena hakutulaumu. Alisema tu, "Mwalimu, siku nyingine kama hujui, sema hujui, tukaulize mahali pengine."

Tumelipokea neno hilo. Nanyi mkiwa na swali, tuandikieni au mtuulize tukipita kijijini.